Tujue magugu kabla ya kuuziana malisho

Katito ni mahali pa njia kukutana. Barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu na Kisii hupita hapo, na nyingine huchepuka hapo hapo kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Mahali pa namna hiyo hapakosi soko, na soko halikosi mizigo. Miongoni mwa mizigo hiyo umo mmoja ambao aghalabu hautiliwi maanani na mtu yeyote isipokuwa mwenye ng'ombe, nao ni malisho. Kiangazi kinapowadia, au mafuriko yanapofunika machunga ya uwanda wa Kano kama yalivyofanya mwaka 2020 na tena mwaka 2024, malisho hugeuka kuwa bidhaa ya thamani. Hapo huonekana matita ya mabua ya mahindi juu ya mikokoteni, majani makavu ya mpunga kutoka mashamba ya umwagiliaji, nyasi za nepia zilizofungwa nyuma ya baiskeli na pikipiki, na mara nyingine marobota ya nyasi kavu yaliyoletwa kwa lori kutoka nyanda za juu.

Mnunuzi wa malisho hayo huwa na maswali yake. Huuliza bei. Hulinyanyua tita aone kama ni zito. Huchunguza rangi, maana nyasi iliyokauka vizuri hubaki na ukijani kidogo, ilhali iliyonyeshewa huwa nyeusi na kunuka uvundo. Maswali hayo yote ni ya busara. Lakini liko swali moja ambalo haliulizwi, wala muuzaji hana jibu lake hata akiulizwa: Je, nyasi hizi zilikatwa katika shamba gani, na katika shamba hilo mlikuwa mmeota nini kingine?

Nashikilia kwamba swali hilo lingefaa kuwa la kwanza. Mkulima anaponunua tita la mabua hanunui chakula cha ng'ombe pekee. Hununua pia mbegu zote zilizokuwa zimenata, zimejishikiza au zimejificha ndani ya mabua hayo. Mbegu hizo zikiwa za magugu hatari, basi mkulima huyo amelipa fedha zake ili aharibiwe shamba. Na kama alivyo mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, hatajua alichonunua mpaka siku atakapofungua, tena hapa gunia hufunguka baada ya misimu miwili au mitatu.

Tuanze na gugu ambalo hakuna mtoto wa Nyakach asiyelijua kwa jina. Wajaluo huliita kayongo, na ndugu zetu wa Tanzania hukiita kiduha. Wataalamu wa mimea wamelipa jina la Striga hermonthica. Mtu asiyelima akiliona ataliajabia, kwa maana lina ua la rangi ya waridi lenye kupendeza. Anayelima akiliona hulia. Kayongo ni gugu kupe. Mizizi yake hujipachika katika mizizi ya mahindi, mtama, wimbi au muwa, na kuanza kufyonza maji na chakula kabla halijachomoza juu ya ardhi. Hii ndiyo sababu ya palizi kutofaa sana. Siku mkulima anapoliona ua, madhara yamekwisha kutendeka chini kwa chini kwa majuma kadhaa, na mahindi yamedumaa na kugeuka manjano kana kwamba hayakupata mvua.

Ajabu kubwa zaidi imo katika mbegu zake. Ni ndogo mithili ya vumbi, kiasi kwamba ukiziweka kiganjani waweza kudhani ni ugoro. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Nazo si mbegu za haraka. Hukaa udongoni zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10, zikingoja dalili moja tu, ambayo ni kemikali fulani itolewayo na mzizi wa nafaka iliyo jirani. Zikiipata huota. Zisipoipata huendelea kungoja. Kwa hiyo, shamba lililoingiwa na kayongo leo huenda likawa na kayongo siku ambayo mwanafunzi wa darasa la kwanza atakuwa anamaliza shule ya upili.

Sasa tazama jinsi gugu hili linavyopanda mkokoteni. Mahindi huvunwa, kisha mabua hukatwa na kufungwa matita. Kayongo iliyokuwa imesimama katikati ya mabua, ikiwa na vibumba vyake vilivyokauka na kujaa mbegu, hukatwa pamoja nayo na kufungwa tita moja. Tita huuzwa. Ng'ombe hula majani, huacha mashina, na masalio hukanyagwa na kuchanganyika na kinyesi. Baadaye mkulima mwenye bidii huichota samadi ile, akaipeleka shambani na kuitandaza kwa uangalifu kila shimo la mbegu. Hakuna adui ambaye angeweza kulipanda gugu hilo kwa usawa namna hiyo. Yeye mwenyewe amelipanda kwa mkono wake, tena akidhani anarutubisha udongo.

Gugu la pili ni geni kidogo, nalo linahitaji macho zaidi. Tanzania huitwa gugu karoti, kwa sababu majani yake yamechanika-chanika kama ya karoti. Maua yake ni meupe, madogo, mengi, yaliyokaa kama nyota juu ya shina lenye matawi. Jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, na asili yake ni bara la Amerika. Serikali ya Kenya ililitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2010. Huchanua mapema mno, hata ndani ya mwezi mmoja hivi baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Hupenda ardhi iliyochimbuliwa, kingo za barabara, uwanja wa soko na machunga yaliyoliwa kupita kiasi. Hutoa sumu udongoni ya kuizuia mimea mingine isiote. Watu wengi wakiligusa mara kwa mara huota vipele na kuwashwa, na wengine hupatwa na pumu. Ng'ombe aliyelazimika kulila kwa kukosa nyasi hutoa maziwa machungu.

Historia ya gugu hili duniani ni fundisho tosha kwa yeyote anayefanya biashara ya malisho. Liliingia India miaka ya 1950, na inasadikiwa lilifika humo likiwa limechanganyika na nafaka iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Ethiopia nayo ililipata miaka ya 1980, na huko pia wengi husema lilikuja na nafaka ya msaada. Katika jimbo la Queensland, nchini Australia, lililetwa karibu na mwaka 1960 ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizonunuliwa Marekani. Watu walitaka kuwapa ng'ombe wao nyasi bora, wakaagiza mbegu, na ndani ya mbegu hizo wakaletewa maangamizi ya machunga yao. Halikuja na upepo. Lilisafirishwa na binadamu, nauli ikalipwa.

Iwapo mifano ya ng'ambo inaonekana kuwa ya mbali, tunao wa kwetu. Miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa Baringo kwa nia njema kabisa. Ulikusudiwa kutoa kuni, kivuli na malisho, na kuzuia jangwa. Mbuzi na ng'ombe waliyapenda maganda yake matamu. Wakayala, wakatembea, na kila walipokwenda wakaziangusha mbegu ndani ya samadi, zikaota kwa furaha. Mathenge ikaziba njia, ikameza machunga, na utamu wa maganda ukaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na wakampeleka Nairobi mbuzi kibogoyo awe ushahidi mahakamani. Nchi nzima ilicheka. Mwaka 2008 mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari, lakini wakati huo ilikuwa imekwisha kutwaa maelfu ya hekta. Mnyama tuliyemlisha ndiye aliyekuwa mpanzi.

Hapa ndipo tunapopaswa kuiangalia sheria. Kenya inayo sheria ya kukomesha magugu hatari, nayo ni Sura ya 325 ya sheria zetu. Inampa waziri uwezo wa kuutangaza mmea fulani kuwa gugu hatari. Inamtaka mwenye kuimiliki au kuitumia ardhi kumwarifu mkaguzi anapoliona gugu hilo, na kuling'oa. Ni sheria nzuri kwa maandishi. Lakini inasimama juu ya nguzo moja ambayo haijajengwa. Inachukulia kwamba mwenye ardhi analijua gugu. Je, ni wangapi kati yetu ambao tukionyeshwa gugu karoti likiwa changa, kabla halijachanua, tutaweza kulitofautisha na mimea mingine isiyo na hatia? Mtu hawezi kuripoti asichokitambua. Sheria inayomwadhibu mtu kwa kutolitaja jina ambalo hakufundishwa ni sheria ya kubahatisha.

Kuna pengo la pili. Mkulima akienda dukani kununua mbegu za mahindi, pakiti huwa na alama ya kuthibitisha kwamba mbegu hizo zimekaguliwa. Mkaguzi wa taasisi ya KEPHIS amefika shambani zilikokuzwa, na sampuli zimepimwa maabarani ili kujua usafi wake na uwezo wake wa kuota. Tumekubali kama taifa kwamba mbegu ya kupanda ni jambo zito, lisiloachiwa neno la muuzaji peke yake. Lakini robota la nyasi, ambalo laweza kubeba mbegu nyingi kuliko pakiti yoyote ya dukani, huuzwa kwa kutazamwa rangi tu. Mbegu tuliyoikusudia tunaikagua, lakini ile tusiyoikusudia tunaiachia mlango wazi.

Mataifa mengine yameliziba pengo hili, wala si kwa miujiza. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, mtu anayetaka kuingia na farasi wake katika misitu mingi ya umma hulazimika kubeba nyasi zenye cheti cha kutokuwa na magugu hatari. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Mkaguzi hufika shambani ndani ya siku 10 kabla ya nyasi kukatwa. Huzunguka kingo zote, hupita katikati, huangalia pia mahali marobota yatakapohifadhiwa. Akiona gugu lililo katika orodha na lililofikia hatua ya kutoa mbegu, cheti hakitolewi kwa sehemu hiyo. Akiridhika, marobota hufungwa kwa kamba ya rangi maalumu au hutiwa kibandiko, ili mlinzi wa msitu ajue kwa jicho moja. Queensland nao, waliokwisha kuumwa na nyoka, waliweka fomu ambayo muuzaji wa malisho huijaza na kutia sahihi, akitamka kama anajua bidhaa yake ina mbegu za magugu au haina. Tamko hilo halihitaji mkaguzi. Linahitaji kalamu, karatasi na mtu anayeliogopa jina lake kuharibika.

Jambo la kuzingatia katika mifano hiyo ni kwamba ukaguzi hufanywa shambani, nyasi zikiwa zimesimama. Haufanywi sokoni. Gugu lililosimama lina majani, lina ua, lina umbo, na hata mtoto aliyefundishwa atalitambua. Likishakatwa, likakauka na kubanwa ndani ya robota, hata profesa wa botania atashindwa. Kwa hiyo anayesema kwamba tutayakagua malisho pale Katito kituoni, kwa kuyapekua matita barabarani, ameanza mwishoni.

Najua mapingamizi yatakayoletwa, na baadhi yake yana uzito. La kwanza ni la bei. Mjane mwenye ng'ombe mmoja hununua tita moja kwa fedha alizozipata kwa kuuza mayai. Ukilitia tita hilo cheti, bei itapanda. Jibu langu ni kwamba cheti kisiwe amri kwa kila mtu. Asiye nacho asizuiwe kuuza, na asiyekitaka asilazimishwe kununua. Kianze kwa wanunuzi wakubwa, hasa wale wanaonunua kwa fedha za umma. Wakati wa ukame wa mwaka 2021 na 2022, malisho yaligawiwa kwa wafugaji wa maeneo kame ya nchi. Malisho ya msaada husafiri umbali mrefu kuliko malisho yoyote mengine, na hufika mahali ambapo ardhi imebaki tupu, tayari kuipokea mbegu yoyote. Iwapo kuna robota linalostahili kuwa la kwanza kupata cheti, ni hilo. Serikali na mashirika yakianza kudai cheti kwa wanachonunua, wauzaji watajifunza, na faida ya usafi itashuka hadi kwa mjane bila ya yeye kuongezewa gharama.

Pingamizi la pili ni la hongo. Watu husema: mtatuletea mkaguzi mwingine wa kutuomba chai. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana napendelea cheti ambacho ni vigumu kukificha. Kadi iliyofungwa kwenye robota ionyeshe jina la shamba, tarehe ya ukaguzi, tarehe ya kukata na jina la aliyekagua. Gugu likiota kwa mnunuzi, kila mtu atajua pa kuuliza. Tena cheti kiseme ukweli kwa kipimo chake. Kisiseme kwamba magugu hayamo. Kiseme kwamba mkaguzi alitembea shamba lote siku fulani na hakuyaona. Kati ya kauli hizo mbili pana tofauti kubwa, na mwalimu wa sayansi anaweza kuitumia kwa kipindi kizima kuwafundisha wanafunzi maana ya ushahidi.

Pingamizi la tatu nalikubali kabisa. Mkulima atauliza: Mbona nikaguliwe mimi, ilhali kingo za barabara zimejaa magugu hayo hayo? Ana haki. Barabara hazina mkulima. Zina mamlaka zenye bajeti. Udongo na kokoto za ujenzi huchotwa mahali pamoja na kumwagwa pengine bila ya mtu kujua zimebeba nini. Magari hupita, matope hunata magurudumuni, na mbegu husambazwa kutoka kaunti hadi kaunti. Tangu katiba ya mwaka 2010, kilimo na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama ni jukumu la kaunti. Lakini Nyakach inapakana na Kericho upande mmoja na Homa Bay upande mwingine, na kayongo halina kitambulisho cha kaunti. Kabla ya kumfikisha mkulima yeyote mbele ya hakimu, serikali za kaunti hizo zikae pamoja, zifagie kwanza nyumba zao, yaani kingo za barabara, viwanja vya masoko na nyua za ofisi.

Tena si kwamba tunaanza bila chochote. Kando ya ziwa hili letu, huko Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilibuni tangu miaka ya 1990, kwa kushirikiana na wataalamu wa Rothamsted kutoka Uingereza na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, njia ya kilimo inayojulikana kama vuta-sukuma. Mahindi hupandwa pamoja na desmodiamu katikati ya mistari, na nyasi za nepia huzunguka shamba. Nepia huwavuta nondo wa bungua wakatage mayai huko pembeni. Desmodiamu huwafukuza kwa harufu yake. Na huko chini mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazozidanganya mbegu za kayongo, zikaota bila ya kupata mzizi wa kujipachika, zikafa. Desmodiamu na nepia zote mbili ni chakula kizuri cha ng'ombe. Shamba moja, basi, hulisha watu, hulisha ng'ombe, na huimaliza hazina ya mbegu za kayongo pole pole msimu baada ya msimu.

Huo ndio msingi wa malisho safi ninaoufikiria kwa Katito. Vikundi vya wakulima wanaolima kwa njia hiyo vingekuwa wa kwanza kukaguliwa, na tita lao la desmodiamu na nepia lingekuwa la kwanza kufungwa kamba ya rangi. Hata hapo umakini unahitajika. Nepia hupandwa kwa vipande vya shina, na ugonjwa wa kudumaa ulioenea magharibi mwa Kenya husafiri ndani ya vipande hivyo hivyo. Kwa hiyo anayegawa miche naye aulizwe imetoka wapi. Na kwa malisho yasiyo na cheti, ambayo yatakuwa mengi kwa miaka mingi ijayo, kuna kinga za nyumbani. Kukata nyasi na mabua kabla magugu hayajakomaza mbegu. Kung'oa kayongo likiwa na ua, kabla ya vibumba kukauka, na kulichoma badala ya kulitupa njiani. Kuvundika malisho, maana mbegu nyingi hufa katika uvundikaji, ingawa si zote. Kuirundika samadi ikapata joto kali la mboji na kuigeuza-geuza kabla ya kuipeleka shambani, badala ya kuichota mbichi.

Sasa nawageukia walimu na wanafunzi, ambao kwa maoni yangu ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Maafisa wa kilimo ni wachache, na wadi ni kubwa. Lakini shule ziko kila kijiji, na kila shule ina macho mamia kadhaa yanayopita kila asubuhi na jioni katika vijia ambavyo hakuna afisa atakayevipita. Somo la kilimo lipo. Vyama vya 4-K, ambavyo jina lao ni kifupi cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Kinachokosekana ni kazi ya kweli ya kuwapa, yenye manufaa kwa jirani wa shule.

Napendekeza kila shule ya eneo hili iwe na hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa. Haihitaji fedha. Mmea hutandazwa kati ya kurasa za gazeti, hata hili ulisomalo likishasomwa, ukawekewa vitabu vizito juu yake na kubadilishiwa karatasi mpaka ukauke. Kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na jina lake la Kijaluo, la Kiswahili na la kitaalamu, mahali ulipopatikana, tarehe, na jina la mwanafunzi aliyeuleta. Magugu yenyewe yakusanywe kabla hayajatoa mbegu, yabebwe ndani ya mfuko uliofungwa, na gugu karoti lisiguswe kwa mikono mitupu. Mmea usiojulikana upelekwe kwa afisa wa kilimo, naye anaweza kuufikisha katika hifadhi kuu ya mimea ya Afrika Mashariki iliyo katika Makavazi ya Taifa, Nairobi. Baada ya miaka mitatu, shule itakuwa na kumbukumbu ya kuonyesha gugu gani lilionekana wapi na lini, jambo ambalo hata ofisi nyingi hazina.

Majina hayo matatu nimeyataja kwa makusudi. Wazee wetu wanajua mimea mingi ambayo vitabu vya shule havikuitaja, na wanafunzi wanajua majina ya vitabuni ambayo wazee hawajawahi kuyasikia. Ujuzi huu uliogawanyika nusu kwa nusu haumfai yeyote. Mwanafunzi akimwuliza nyanya yake jina la mmea wa uani, akaliandika kando ya jina la kitaalamu, ameunganisha nusu mbili za elimu. Na mimea isiyokuwa na jina katika lugha ya mama ndiyo inayofaa kutiliwa shaka kwanza. Mmea ambao nyanya hana jina lake, yumkini ni mgeni, na mgeni huulizwa atokako.

Msomaji anaweza kusema kwamba taifa lina matatizo makubwa kuliko magugu ndani ya nyasi. Naam, yapo. Lakini gugu lina tabia moja inayolitofautisha na matatizo mengi. Siku ya kwanza, mtoto mmoja anaweza kulimaliza kwa mkono mmoja. Mwaka wa kumi, serikali nzima haiwezi. Ziwa letu lilitufundisha hayo. Miaka michache tu baada ya gugumaji kuonekana ziwani, ghuba ya Winam ilifunikwa, mashua zikakwama na wavuvi wakakosa njia ya kutokea. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tumeuona mguu huo ukiota.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi na halihitaji kungoja bunge. Serikali ya kaunti itoe orodha fupi ya magugu yasiyozidi matano, yenye picha na majina, ibandikwe katika kila shule na kila soko. Vyama vya wakulima vichague wakaguzi wao, wafunzwe, na waanze na mashamba machache yaliyo tayari. Wauzaji waanze kwa tamko la maandishi, kabla hata ya cheti. Walimu waanze muhula huu kukausha mimea. Na mnunuzi, aliye na nguvu kuliko wote kwa sababu fedha zimo mfukoni mwake, aanze kumwuliza muuzaji nyasi hizi zimetoka shamba gani. Muuzaji akiulizwa hivyo na watu kumi kwa siku moja, siku ya pili atakuja na jibu.